Siku Tatu Kurokawa

Kwa miaka 14 nimekuwa nikitandika vitanda vya watu wengine. Nilianza kama mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufukweni Diani, na leo mimi ndiye msimamizi wa idara hiyo. Nikiingia chumba chochote cha wageni, macho huenda yenyewe kwenye kona za shuka, kisha chini ya kitanda, kisha bafuni kwenye mifereji. Ni mazoea ya kazi. Nayataja mapema ili msomaji ajue ni kwa macho ya nani niliitazama nyumba ya wageni niliyolala Japani, mwezi wa Januari.

Mdogo wangu anasomea uzamili Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu. Aliweka akiba miezi mingi bila kuniambia, kisha siku moja akanitumia ujumbe: "Dada, umewatandikia watu miaka yote hiyo. Njoo na wewe utandikiwe." Nililia kidogo, halafu nikaenda kuomba likizo.

Basi kutoka Fukuoka huchukua karibu saa tatu kufika Kurokawa, kijiji cha chemchemi za maji moto kilicho bondeni, katika mji wa Minamioguni, mkoa wa Kumamoto. Tulipoanza kuteremka nilikaa dirishani nikitafuta mabango ya hoteli. Barabara yetu ya Diani huwezi kutembea hatua mia bila kukutana na bango. Hapa niliona miti tu, imeshuka hadi ukingo wa lami, na hapa na pale kibao cha mbao, vyote vya sura moja, kinachoelekeza mgeni aende kushoto au kulia. Nyumba zenyewe zina kuta za rangi ya udongo na mbao zilizokolea weusi. Kulikuwa na theluji juu ya paa na mvuke ukipanda kutoka mtoni. Kwa muda nilidhani tumeshuka kituo kisicho chetu, kwa kuwa sikuona mahali palipofanana na hoteli.

Nyumba za aina hiyo huitwa ryokan. Nyingine ni za kale mno: iliyoko Yamanashi, Nishiyama Onsen Keiunkan, ilianzishwa mwaka 705. Yetu haikuwa ya umri huo, lakini desturi ni zilezile. Unavua viatu mlangoni, unapewa joho la pamba liitwalo yukata, na kuanzia hapo unakuwa mikononi mwa mama mmoja, nakai, anayekuhudumia tangu unapoingia hadi unapoondoka.

Mlangoni hapohapo nikafanya kosa. Viatu nilivua kama wengine, lakini sanduku langu la magurudumu nikalivuta moja kwa moja hadi chumbani, juu ya mikeka. Mama yule hakusema neno. Alipiga magoti, akalinyanyua sanduku kwa mikono miwili kama mtu anyanyuaye mtoto aliyelala, akaliweka juu ya ubao ulio pembeni. Kisha akatoa kitambaa kwenye mkanda wake akafuta magurudumu, moja baada ya jingine, yote manne. Halafu akapitisha kiganja kwenye mkeka palipopita magurudumu, polepole, akifuata mwelekeo wa nyuzi. Nilishikwa na aibu. Lakini kiganja kile nilikitambua. Hivyo ndivyo nami hupitisha mkono juu ya shuka nikimaliza kutandika, hata kama hakuna mkunjo uliobaki.

Chumba kilikuwa kitupu. Nasema kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hakijamalizwa. Hapakuwa na kitanda, sofa wala kabati la kioo. Palikuwa na meza moja fupi katikati, na kwenye kona kijishubaka chenye karatasi ndefu ya maandishi na tawi moja ndani ya chombo cha udongo. Niliketi. Baada ya kama robo saa nikagundua kwamba nasikia mto. Nikasikia na theluji ikidondoka kutoka kwenye paa, pwaa, na mtu akitembea kwa mbali na viatu vya mbao. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliketi chumbani nikasikiliza bila kutafuta cha kufanya.

Kesho yake nilianza kukichunguza chumba kile kama mfanyakazi.

Mikeka yake, tatami, hufumwa kwa nyasi iitwayo igusa, na sehemu kubwa ya igusa ya Japani hulimwa mkoa huohuo wa Kumamoto, upande wa Yatsushiro. Juu ni mkeka, chini ni kiini kinene kinachoubeba. Uso ukichakaa baada ya miaka michache, fundi huubandua, huugeuza upande ambao jua halijawahi kuuona, na kuushona tena. Upande huo nao ukichoka, hubadilishwa uso peke yake, kiini kikaendelea kutumika. Mimi nimeshuhudia zulia zima la ukumbi likitupwa kwa sababu ya doa la mvinyo ukubwa wa sahani.

Chumba kimoja hufanya kazi ya vitatu. Mchana ni sebule. Jioni meza ileile ni ya chakula. Ukienda kuoga, nakai huingia akatoa magodoro kabatini na kuyatandika juu ya mikeka. Asubuhi huyakunja na chumba kikarudi kuwa sebule. Na baridi ya Januari? Ile meza ilikuwa kotatsu: ina blanketi nene lililoshuka pande zote, na chini yake kuna kipasha joto kidogo. Unaingiza miguu, unajifunika hadi kiunoni, unakunywa chai. Hewa ya chumba inabaki na ubaridi wake na wewe mwili umepata moto. Nilifikiria viyoyozi vyetu vinavyonguruma mchana kutwa katika vyumba ambavyo wageni wako baharini, na mlango wa roshani umeachwa wazi. Mara ngapi nimevizima kwa mkono wangu, na jioni nikaulizwa kwa nini chumba nambari fulani kilikuwa na joto mgeni aliporudi.

Kilichonishika zaidi kilikuwa kidogo kuliko vyote. Milango na madirisha ya ndani ni fremu za mbao zilizowambwa karatasi nyeupe, shoji, ambayo hupitisha mwanga kama wa alfajiri. Kwenye dirisha dogo karibu na kabati, karatasi ilikuwa imetoboka, pengine kwa kidole cha mtoto. Pale palibandikwa kiraka cha karatasi ileile, kilichokatwa umbo la ua lenye petali tano. Jua lilipopiga, ua lile lilionekana jeupe zaidi kuliko sehemu nyingine kwa kuwa karatasi hapo ilikuwa na tabaka mbili. Mdogo wangu akasema ni desturi yao ya zamani. Nilikaa mbele ya kiraka kile muda mrefu. Aliyekibandika hakutaka kulificha tundu, wala hakubandika tu ili kazi iishe. Alikaa chini, akashika mkasi, akafikiri.

Chakula nitakisema kwa ufupi maana wengi wameshakisifu. Samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi bila kukatwa vipande, tofu, mboga za milimani, vipande vichache vya nyama ya ng'ombe wekundu wa Aso, na mwishoni wali, supu na achari. Kila kitu kidogo, kila kitu katika chombo chake. Jambo ambalo watu hawalisemi ni hesabu yake. Bei ya ryokan kwa kawaida hutozwa kwa kila kichwa, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, na siku kadhaa kabla ya kufika tuliulizwa tusivyokula. Kwa hiyo mpishi anajua ni samaki wangapi, wa nani, saa ngapi. Vyombo vyetu vilirudi jikoni vitupu. Kule ninakofanya kazi, meza ya kujipakulia lazima ionekane imejaa mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu mgeni akikuta sinia tupu huona ameibiwa. Saa nne na nusu usiku ndipo utaona vijana wakisukuma mapipa. Nimeyaona mapipa hayo miaka 14, na bado hunichoma moyo.

Sasa niseme habari ya kuoga.

Kuvua nguo mbele ya wanawake nisiowajua kulinipa taabu kubwa. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nikiwa nimejifunga taulo, nikakunja na kukunjua joho langu mara nne. Mwishowe nikaingia. Kabla ya kutumbukia bwawani ni lazima ujisafishe kwanza, ukiwa umeketi kwenye kigoda kifupi mbele ya mfereji, na ndoo ndogo ya mbao. Nilifungua bomba la manyunyu likawa linamwagika huku natafuta sabuni. Kando yangu alikuwa ameketi nyanya mmoja, mgongo umepinda. Yeye bomba hakuligusa. Alikinga ndoo moja, akajimwagia begani taratibu, akasugua, akakinga nyingine. Ndoo tatu, labda nne, akawa amemaliza, mwili mzima, na hata kigoda chake akakisuuza akakigeuza juu chini.

Mimi nimezaliwa Nyeri. Maji tuliyooga yalipanda kutoka mtoni mgongoni mwa mama yetu, kwenye mtungi wa lita 20, na tuliogea karai na kikombe cha bati. Kikombe cha kwanza kichwani, cha pili mabegani, na yanayobaki karaini yakamwagiwa sukumawiki. Nilikuwa nikiona haya kuyasimulia hayo kazini. Nilifunga bomba, nikachukua ndoo. Mikono yangu ilikumbuka kila kitu.

Bwawa lenyewe lilikuwa nje, limezungushiwa mawe, mto ukipita chini yake. Maji hutoka ardhini yakiwa ya moto sana; kijijini mayai huivishwa na joto hilohilo, kama watu wanavyochemsha mayai Bogoria kule Baringo. Hapahitajiki boila, kazi ni kuyapoza yafae ngozi ya mtu. Nilisimama na taulo yangu ndogo nisijue pa kuiweka, kwa maana hairuhusiwi kugusa maji. Yule nyanya akanitazama, akapiga kichwa chake mwenyewe mara mbili kwa kiganja. Yake aliikunja na kuiweka utosini. Nami nikafanya hivyo. Tukakaa hapo wawili, theluji ikituangukia usoni na miili ikiwa motoni, bila neno hata moja la lugha tunayoielewa sote. Sijawahi kuhudumiwa vizuri kuliko hivyo, na yule hakuwa mhudumu.

Mdogo wangu alikuwa ametundika shingoni kipande cha mbao cha duara, kilichokatwa kutoka mti wa sugi, ambao ni jamaa ya mtarakwa wa kwetu. Hicho ndicho tegata, cheti cha kuogea, na kwacho mtu anaweza kuoga katika nyumba tofauti za kijiji. Kisa chake ndicho kilichonifanya nielewe kwa nini Kurokawa iko vile ilivyo.

Barabara kuu ya watalii ilifunguliwa upande huo mwaka 1964, watu wakamiminika, kisha wakapungua, na kijiji kikadorora. Nyumba moja tu iliendelea kujaa, Shinmeikan. Mwenyewe, Goto Tetsuya, alikuwa amechukua tindo na nyundo akachonga pango kwenye mwamba, miaka kadhaa, hadi likawa bafu. Alipanda pia miti ya kawaida ya milimani kuzunguka nyumba yake, akaiacha ikue kama ilivyo porini. Jirani zake walipomwendea aliwafundisha. Wakachimba mabafu ya nje, wakapanda miti, wakang'oa mabango yao. Lakini nyumba mbili hazikuwa na nafasi ya kuchimba. Kwa desturi ya biashara niijuayo mimi, hizo mbili zingeachwa zife. Wao mwaka 1986 wakaanzisha tegata: mgeni wa nyumba isiyo na bafu la nje aende akaoge kwa jirani. Tangu hapo wana msemo wao kwamba kijiji chote ni ryokan moja, barabara ndizo korido, na kila nyumba ni chumba.

Nilipousikia nilinyamaza. Nimewahi kuhudhuria vikao vingi vya hoteli. Nimesikia tukijadili namna ya kumzuia mgeni asitoke nje ya lango ili pesa zake ziishie ndani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza jirani asiye na ufuo atasaidiwaje.

Siku ya pili asubuhi nakai wetu aliuliza tumetoka nchi gani. Mdogo wangu akamjibu. Uso wa mama yule ukachanua. "Kenya! Maathai-san!" akasema, halafu akaongeza neno moja huku akiweka mkono kifuani: "Mottainai."

Neno hilo Wajapani hulisema wanapoona kitu kinaharibiwa kabla hakijamaliza kazi yake. Lina majuto ndani yake, na heshima kwa hicho kitu. Profesa Wangari Maathai alilisikia mwezi wa Februari mwaka 2005, alipoalikwa Japani miezi michache baada ya kupokea Tuzo ya Nobeli ya Amani, akalipenda, akalibeba hadi Umoja wa Mataifa na kulihubiri mpaka mwisho wa maisha yake. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, kwetu kabisa. Mama yetu alipanda miche ya vikundi vyake vya kupanda miti. Na mimi nimesafiri nusu ya dunia ndipo nikakumbushwa jina lake na mwanamke aliyepiga magoti mbele yangu akimimina chai.

Usiku huo tulitembea kando ya mto kutazama taa. Majira ya baridi Kurokawa hutundika kandili za mianzi, nyingine mviringo kama mipira mikubwa, nyingine mirija iliyosimamishwa majini, nazo hutengenezwa kwa mianzi inayopunguzwa kwenye vilima ili isisonge msitu. Nilisimama darajani nikakumbuka mwaka 2011, jeneza la Profesa likipita Nairobi. Aliagiza asikatiwe mti. Wakamtengenezea la mianzi, mafunjo na magugu maji. Nilimweleza mdogo wangu, yeye wakati ule alikuwa mtoto, hakumbuki. Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Sitaki msomaji afikiri kila kitu kule ni safi. Keki ndogo ya kukaribisha ilikuwa ndani ya plastiki, iliyo ndani ya plastiki nyingine, na madukani hali ni hiyohiyo. Kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na kwa hilo sisi tuna la kuwafundisha.

Liko na jingine zito zaidi. Nilimwomba mdogo wangu amuulize nakai amefanya kazi hii miaka mingapi. Miaka 22. Nikauliza na magoti je. Alicheka, akaligonga lake la kulia kwa ngumi, akatikisa kichwa. Kila sinia iliyotufikia aliipandisha ngazi kwa mikono, akapiga magoti, akaiweka chini, akasukuma mlango, akasimama, akaiinua, akapiga magoti tena. Wageni husifu utulivu wa nyumba zile kana kwamba unaota wenyewe kama uyoga. Mimi nimeuona unavyotengenezwa. Unaanza saa kumi na moja alfajiri, na mikono inayoutengeneza inazeeka. Mdogo wangu anasema nyumba nyingi nchini humo zinahangaika kupata wa kuzirithi. Tulipoondoka nilimshika mikono yote miwili. Sijui kama desturi yao inaruhusu. Alinishika pia, kwa nguvu.

Nimerudi kazini. Meneja wetu nilimpelekea mambo matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi: viyoyozi, meza ya chakula, na stoo ya vitambaa. La kwanza amesema litazungumzwa. La pili amekataa. La tatu amesema nifanye nitakavyo mradi lisigharimu kitu.

Nikaanza na vyandarua. Chandarua cha kitanda kikubwa kikitoboka tundu la kupitisha kidole, sisi hukitupa chote, mita nyingi za kitambaa kizuri, kwa sababu kiraka kinaonekana umaskini. Wiki iliyopita msichana mmoja mgeni kazini aliniletea kimoja kutoka chumba cha ghorofani. "Madam, nipeleke kwa taka?" akauliza, tayari amekikunja. Nikamwambia aketi. Nilichukua mkasi na kipande cha chandarua kuukuu, nikakikunja, nikakata. Kilipofunguka lilikuwa ua, petali tano, moja kubwa kidogo kuliko nyingine. Nilimpa sindano. Alishona mzunguko mzima bila kuinua kichwa, mishono midogo midogo, kisha akakiinua chandarua dirishani akakitazama kwa mwanga wa bahari.

"Nikakitundike chumba gani?" akaniuliza.

Nikamwambia kilekile kilikotoka, na ua likae upande wa mtoni... nikajisahihisha: upande wa baharini.